KUTU KATIKA BODI YA PIKAPU KUUKUU, NA JINSI YA KUITENGENEZA NYUMBANI

Mkulima mwenye ng'ombe wazuri wa maziwa huwaogesha dawa ya kupe kila juma, hata siku ambayo hakuona kupe. Anajua kwamba akingoja mpaka kupe wajae masikioni, ndigana itakuwa imekwisha ingia. Lakini mkulima huyo huyo huona rangi ya pikapu yake imevimba chini ya mlango, akasema, "Hilo ni doa tu." Baada ya mvua mbili, doa limekuwa tundu. Baada ya mvua nne, mtoto akiketi ndani ya motokaa aona barabara kwa chini.

Katika mashamba ya setilimenti pikapu si kitu cha fahari. Ndiyo ipelekayo maziwa kwa ushirika asubuhi, viazi barabarani, ndama sokoni, na mgonjwa hospitali usiku wa manane. Injini ya pikapu ya kale, kama Peugeot 404 au 504, ikitunzwa kwa oili safi hudumu miaka mingi sana. Motokaa za namna hiyo zilijipatia sifa katika nchi yetu: 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Hata hivyo, nyingi zimeuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu hali injini zao zilikuwa nzima. Kilichoziua ni kutu ya bodi.

Kazi kubwa ya kutu ni ya fundi. Lakini kazi ndogo, nayo ndiyo iliyo nyingi, yaweza kufanywa na mkulima mwenyewe nyumbani kwa vyombo vichache, mradi awe na subira na ajue mpaka wake.

KUTU NI NINI?

Chuma hakikuumbwa kikiwa bati jeupe linalong'aa. Kilichimbwa ardhini kikiwa mawe, kikayeyushwa kwa moto mkali. Udongo wetu mwekundu wa nyanda za juu una rangi ile kwa sababu una chuma kilichokwisha kushika kutu tangu zamani. Basi kutu ni chuma kinachojaribu kurudi udongoni.

Ili kirudi, chahitaji vitu viwili pamoja, yaani maji na hewa. Watoto wa shule hujaribu jambo hili kwa misumari mitatu. Wa kwanza huwekwa katika chupa kavu iliyofungwa. Wa pili huwekwa katika maji yaliyochemshwa ili hewa itoke, na juu yake hutiwa mafuta ili hewa isiingie tena. Wa tatu huwekwa katika maji ya kawaida, chupa ikiwa wazi. Baada ya siku chache msumari wa tatu ndio ulioshika kutu. Wa kwanza ulikosa maji, wa pili ulikosa hewa. Kazi yote ya kutengeneza bodi imejengwa juu ya jaribio hilo: twaondoa kutu iliyopo, halafu twazuia maji na hewa visikifikie chuma tena.

Kitu cha tatu huharakisha kazi hiyo, nacho ni chumvi. Ndiyo maana motokaa iliyokaa miaka mingi Mombasa au Malindi huliwa haraka kuliko iliyokaa Nakuru. Lakini mkulima asidhani chumvi iko baharini tu. Mbolea ya dukani kama CAN ni namna ya chumvi. Chumvi ya ng'ombe ni chumvi. Mkojo na samadi vina chumvi. Maziwa yaliyomwagika yakachacha yana asidi. Basi pikapu ya mkulima wa bara yaweza kuliwa kama ile ya pwani, ikiwa haioshwi nyuma baada ya kubeba mizigo hiyo.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huisukuma rangi ikavimba kama lengelenge. Ukiona lengelenge dogo nje, mara nyingi ugonjwa ulianza ndani, na huko ndani ni mkubwa kuliko uonekanavyo.

MAHALI PA KUTAZAMA

Osha motokaa kwanza, hasa chini, maana tope huficha mengi. Ikikauka, tazama mahali hapa:

1. Chini ya milango. Kila mlango una matundu madogo chini ya kutolea maji ya mvua yanayoingia kando ya kioo. Yakizibwa na tope, mlango huwa ndoo.

2. Kizingiti cha mlango, yaani ule mhimili ulio chini ya mlango toka gurudumu la mbele kwenda nyuma. Ndani yake ni wazi, na unyevu hukaa humo.

3. Madigadi, hasa ukingo wake wa ndani ambapo gurudumu hurusha tope.

4. Sakafu chini ya mikeka ya mpira. Mkeka huonekana mkavu juu, kumbe chini umelowa.

5. Mahali betri inapokaa, maana asidi yake hula bati.

6. Sakafu ya nyuma ya mizigo, hasa maungo ya mabati na pembeni ambapo mbolea na samadi hujificha.

Chukua bisibisi na uguse kila mahali kwa kishikio chake. Bati zima hulia kwa sauti kali, bati lililooza hulia kwa sauti nzito kama debe lililojaa. Kisha sukuma kwa ncha ya bisibisi, pasipo kutumia nguvu nyingi. Ikizama, hapo hapana bati tena. Chukua na sumaku ndogo pia. Sumaku hushika chuma, haishiki fila. Ukinunua pikapu kuukuu iliyopakwa rangi mpya, pitisha sumaku chini ya milango kabla ya kutoa fedha. Mahali inapoanguka, kuna fila nene chini ya rangi. Kumbuka tu kwamba sumaku haishiki alumini pia.

KUTU NI YA NAMNA TATU

Ya kwanza ni kutu ya juu. Bati limekuwa jekundu lakini likisuguliwa huwa jeupe na laini. Hii ni kazi ya saa chache.

Ya pili ni kutu ya vishimo. Bati likisuguliwa huonyesha vishimo vyeusi kama uso wenye makovu ya ndui. Halijatoboka, lakini limepungua unene.

Ya tatu ni kutu ya tundu. Hapo hapana dawa wala rangi inayofaa. Bati lililooza hukatwa, na bati zima hutiwa mahali pake.

KAZI YA NYUMBANI NA KAZI YA FUNDI

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika makala haya. Sehemu nyingine za bodi ni nguo tu: ukingo wa madigadi, ngozi ya nje ya mlango, boneti, kando za sanduku la mizigo. Zikiwa na kiraka cha ribiti hazileti hatari. Lakini sehemu nyingine ni mifupa: chesi, vizingiti vya milango, mahali springi na shokomzoba zinaposhikwa, mahali mikanda ya usalama na viti vinapofungwa. Saluni na motokaa ndogo nyingi hazina chesi iliyo mbali na bodi, na vizingiti vyake ndivyo vishikavyo motokaa isikunjike. Mifupa haifungwi kiraka cha ribiti wala fila. Hulehemiwa na fundi ajuaye kazi. Mtu anayeficha uozo wa mifupa kwa fila na rangi amewatayarishia watu wake ajali.

Tundu la sakafu nalo lisidharauliwe kwa kuwa ni dogo. Moshi wa ekzosi una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Huingia kwa matundu hayo, na waliomo ndani huumwa kichwa, husinzia, na waweza kufa. Tundu la sakafu lililo mbali na mifupa laweza kuzibwa kwa ribiti na gundi, lakini lizibwe mapema.

VYOMBO

Huhitaji karakana. Wahitaji brashi ya waya, patasi kuukuu, nyundo ndogo, tupa, mkasi wa bati, keekee, koleo la kuvutia ribiti, na msasa wa namba 80, 120, 240 na 400. Tena wahitaji dawa ya kugeuza kutu iliyotengenezwa kwa asidi ya fosforasi, praima ya kuzuia kutu, fila na dawa yake ya kuigandisha, gundi ya kuzibia maungo ya bodi, rangi, thina na vitambaa safi.

Kwa kiraka nunua bati jeusi la geji 20, ambalo unene wake ni karibu milimita 1, sawa na bati la bodi. Watu wengi huchukua kipande cha mabati ya nyumba kilichobaki. Hiyo si busara. Bati la nyumba la geji 30 lina unene wa karibu milimita 0.3 tu, na likipigwa na mawe ya barabarani hupasuka. Tena mabati ya nyumba yamepakwa zinki. Yakichomelewa hutoa moshi mweupe ambao humtia mtu homa na baridi usiku ule. Fundi akitaka kulehemu kiraka cha bati la nyumba katika motokaa yako, mkataze kwa faida yake na yako.

JIKINGE KWANZA

Fungua waya wa hasi wa betri kabla ya kuanza. Ukiinua motokaa, iweke juu ya stendi za chuma au magogo manene yaliyokatwa sawa, uzibe magurudumu yaliyo chini. Usiingie chini ya motokaa inayoshikwa na jeki peke yake, wala juu ya mawe yaliyopangwa, kwa maana mawe hupasuka ghafula.

Usilete cheche karibu na tangi la petroli. Watu hufikiri tangi tupu halina hatari. Kinyume chake ni kweli, kwa kuwa mvuke wa petroli uliobaki ndani hulipuka vibaya kuliko petroli yenyewe. Weka ndoo ya mchanga karibu wakati wote.

Vaa miwani na glavu, na uzibe pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi. Rangi za kale nyingi zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Basi usisugue rangi ya kale ikiwa kavu karibu na watoto. Ilowe kwa maji na utumie msasa wa majini. Tandika turubai chini, ukusanye takataka zote uzifukie mbali na kisima. Zaidi ya yote, usifanye kazi hii bomani wala mahali ng'ombe wanapolishwa. Ndama hupenda kulamba vitu, na maganda ya rangi yenye risasi, hata betri kuukuu iliyotupwa, yameua ng'ombe wengi. Hasara ya ndama mmoja ni kubwa kuliko faida ya madigadi nzuri.

KUTU YA JUU NA YA VISHIMO

Sugua rangi iliyovimba mpaka ufikie bati jeupe, halafu endelea sentimita 3 zaidi pande zote, maana kutu hutambaa chini ya rangi nzuri. Anza na brashi ya waya, kisha msasa namba 80, halafu 120. Ukingo wa rangi uliobaki uulainishe, ili ukipitisha kidole usisikie ngazi.

Vishimo vyeusi haviwezi kutoka kwa msasa peke yake. Pakaa dawa ya kugeuza kutu kwa brashi ndogo. Dawa hiyo haifukuzi kutu. Huigeuza iwe kitu kigumu cheusi kisichoendelea kula. Iache kwa muda ulioandikwa katika kopo, uoshe ikiwa kopo lasema uoshe, na uache ikauke kabisa. Usiipake juu ya kutu inayobanduka kwa maganda, kwa kuwa haipenyi mpaka chini.

Bati lililosuguliwa halingoji. Katika nyanda za juu penye ukungu, bati jeupe huanza kuwa jekundu usiku ule ule. Kwa hiyo usisugue sehemu kubwa kuliko unayoweza kuipaka praima siku hiyo.

KUTU YA TUNDU

Tuseme kuna tundu la ukubwa wa shilingi katika ngozi ya nje ya madigadi. Fuata mpango huu.

1. Kata bati lote lililooza mpaka ufikie bati zima lenye nguvu. Usishangae tundu la shilingi likiwa na ukubwa wa sahani. Ukibakiza uozo kwa huruma, utakata tena mwaka ujao. Pembe za tundu zikate kwa mviringo, maana bati hupasuka toka pembe kali.

2. Safisha kutu upande wa ndani pia, kadiri mkono unavyofika, kisha upake dawa ya kugeuza kutu.

3. Weka karatasi gumu la sanduku juu ya tundu, uchore umbo lake, halafu uongeze sentimita 2 pande zote. Kata karatasi hilo na ulijaribu mpaka likae vizuri. Kukosea karatasi si hasara, kukosea bati ni hasara.

4. Chora umbo hilo katika bati jeusi na ulikate. Lipinde juu ya gogo la mviringo mpaka lifuate mzunguko wa madigadi. Lainisha kingo kwa tupa.

5. Gongagonga polepole ukingo wa tundu uzame ndani kidogo, ili vichwa vya ribiti vikae chini kuliko uso wa bodi.

6. Kiraka hukaa upande wa ndani. Kishike mahali pake na utoboe matundu kila sentimita 3 kuzunguka, yawe kipimo kinachoingiza ribiti bila kulegea. Ikiwa mkono haufiki nyuma, pitisha waya katika tundu moja la kiraka, ukivute toka nje, ukishike hivyo mpaka ribiti za kwanza zishike.

7. Kabla ya kufunga, toa kiraka, ondoa mabaki ya keekee, na upake praima pande zote mbili za kiraka na ukingo wa tundu. Watu huruka hatua hii, na hiyo ndiyo sababu viraka vyao huoza. Kati ya mabati mawili maji huingia wala hayatoki.

8. Praima ikikauka, tia gundi ya kuzibia kuzunguka ukingo wote, rudisha kiraka, na ufunge ribiti. Anza na pembe moja, halafu pembe iliyo mkabala, kama unavyokaza nati za gurudumu. Tumia ribiti za chuma kwa bati la chuma.

9. Upande wa ndani upake gundi tena juu ya maungo na mikia ya ribiti. Ikikauka, upake rangi nzito nyeusi ya chini ya motokaa.

FILA SI BATI

Fila ni ya kusawazisha uso wa bati. Haikuwekwa duniani kuziba matundu. Hufyonza unyevu kama sifongo, na mtu akijaza tundu kwa fila na magazeti, ameweka kitambaa chenye maji juu ya kidonda. Unene wake usizidi milimita 3 au 4.

Kwanza kwaruza mahali pa kupaka kwa msasa namba 80 ili fila ishike, na upanguse kwa kitambaa chenye thina. Changanya kiasi kidogo tu cha fila na dawa yake ya kuigandisha kama kopo linavyoagiza. Kwa kawaida ni karibu sehemu 2 za dawa kwa sehemu 100 za fila kwa uzito. Koroga mpaka rangi iwe moja. Ukizidisha dawa, fila huganda kabla hujapaka. Ukipunguza, hainata wala haikauki. Siku ya baridi huchukua muda mrefu, na mkulima wa Kinangop asiharakishe kazi kama yuko Kisumu.

Paka tabaka nyembamba, ngoja igande, paka nyingine. Sugua kwa msasa namba 80 uliozungushiwa kipande cha mbao kilichonyooka, halafu 120, halafu 240. Usisugue kwa vidole vitupu, maana vidole huchimba mabonde. Kisha fumba macho na upitishe kiganja juu ya kazi. Kiganja huona kilima ambacho jicho halikioni.

PRAIMA NA RANGI

Chagua siku kavu isiyo na upepo wa vumbi. Saa nne ya asubuhi mpaka saa tisa ya alasiri ndio wakati mzuri, baada ya umande na kabla ya mvua. Mwagia ardhi maji kidogo ili vumbi litulie. Panguza bati kwa thina, na toka hapo usiliguse kwa mkono mtupu, kwa kuwa mkono una mafuta.

Praima hupakwa mara mbili, kila mara nyembamba. Ikikauka vizuri, sugua kwa maji kwa msasa namba 400, osha, kausha. Kisha paka rangi mara tatu nyembamba, ukingoja kila tabaka ikauke kama kopo linavyosema. Rangi nene ya mara moja hutiririka kama machozi, na chini hubaki mbichi. Rangi ya kopo la kupuliza yafaa kwa kazi ndogo. Sakafu ya mizigo yaweza kupakwa kwa brashi, maana huko hapatafutwi uzuri.

Kuna rangi za karakana zinazochanganywa na dawa ya kuzigandisha, nazo hung'aa sana na kudumu. Nyingi zina sumu inayoharibu mapafu, na barakoa ya kawaida haiizuii. Rangi hizo ziachie karakana yenye vifaa vya kumletea fundi hewa safi.

MOLASI KWA VIPANDE VIDOGO

Mkulima ana dawa moja ya kutu ambayo mtu wa mjini hana karibu. Ni molasi ya ng'ombe. Bawaba, mabano, bolti na vipande vingine vya chuma vinavyoweza kufunguliwa vitiwe katika ndoo ya plastiki yenye molasi sehemu 1 na maji sehemu 9. Acha kwa majuma 2 au 3, ukivitazama kila baada ya siku chache. Vitatoka vyeusi, na kutu itaondoka kwa brashi na maji. Oshe vizuri, kausha juani, upake praima siku hiyo hiyo.

Usitie alumini wala kitu kilichopakwa zinki, maana molasi hiyo huvila. Funika ndoo, kwa sababu inanuka na huvutia nzi. Wala usiwape ng'ombe molasi hiyo baadaye hata kidogo. Imwage mbali na mto.

LAND ROVER NA BATI LA ALUMINI

Wenye Land Rover za kale husema, "Yangu haishiki kutu." Maneno hayo ni nusu kweli. Motokaa hiyo ilipotolewa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, nao wakatengeneza bodi kwa alumini. Lakini chesi ni ya chuma, na ukuta ulio kati ya injini na dereva ni wa chuma. Mahali alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini huliwa ikawa unga mweupe, kwa namna ile ile ambayo betri hufanya kazi.

Dawa yake ni kutenganisha madini hayo mawili. Safisha unga huo kwa brashi ambayo haijagusa chuma, paka praima ya alumini, na utie gundi au mpira mwembamba kati yake na chuma kabla ya kufunga bolti. Kiraka cha alumini kiwe cha alumini, na ribiti zake alumini. Chesi iguswe kwa nyundo mara mbili kwa mwaka, na ikilia kwa sauti nzito ipelekwe kwa fundi.

KUZUIA

Kazi ikiisha, isirudi tena. Haya ndiyo ya kushika:

Osha sakafu ya mizigo kila unapobeba mbolea, chumvi, samadi au wanyama, siku hiyo hiyo. Kabla ya kubeba, tandika turubai.

Zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango kwa kijiti kabla ya mvua za Machi na kabla ya mvua za Oktoba.

Inua mikeka ya sakafu mara moja kwa mwezi, uianike juani.

Osha chini ya motokaa mvua zikiisha. Tope kavu likilowa tena huwa kama dawa ya kubandika juu ya bati.

Puliza nta ya bodi ndani ya vizingiti na milango kila mwaka wakati wa kiangazi. Oili chafu ya injini haifai kwa kazi hiyo. Huozesha mipira, huchafua udongo na maji, na ni hatari kwa ngozi ya mtu.

Jiwe likibandua rangi, weka tone la praima siku hiyo. Kopo dogo na brashi ya mtoto wa shule vyatosha.

Pikapu hubeba mizigo, na kwa hiyo hupelekwa kwa ukaguzi wa serikali kila mwaka. Usingoje mwezi wa ukaguzi ndipo utafute kutu. Katika mwezi huo mafundi wana kazi nyingi, bei zao zimepanda, na mkulima mwenye haraka hukubali fila mahali palipohitaji bati. Fanya kazi yako wakati wa kiangazi baada ya mavuno, bati likiwa kavu nawe ukiwa na nafasi. Jumamosi hii, ukirudi toka kupeleka maziwa, osha pikapu, chukua bisibisi na sumaku, na uandike katika daftari kila mahali ulipopaona pabaya. Orodha hiyo itakuonyesha kazi ipi ni yako na ipi ni ya fundi, nawe utajua gharama kabla ya fedha kutoka mfukoni.